Zamu ya Asiyelalamika

Mwanangu Nyamizi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umekula ugali na kisamvu, umejifunga kitenge changu kipya bila kuniuliza, umepanda pikipiki kwenda Misunkumilo kumuaga shangazi yako. Hutarudi kabla jua halijapoa, maana shangazi yako hamuagi mtu kwa maneno machache. Basi nimekaa hapa barazani, mguu nimeunyoosha juu ya kigoda, nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, nabonyeza kalamu utadhani napalilia. Utausoma hivyo hivyo.

Ya sabuni, ya chandarua, ya kutolala huku umetoa mkono nje ya dirisha la treni, sitayaandika. Shangazi atakuwa ameyamaliza, na mengine atayarudia kesho stesheni. Mimi nataka kukujibu lile neno ulilolisema jana tulipokuwa tunachambua maharage. Nilisimama kwenda kuchukua ungo, nikashika ukuta, ukaniona. Ukasema, "Mama, chuo hakina miguu, hakitakimbia. Nitaenda mwakani." Ukacheka. Mimi nikajifanya natafuta punje iliyodondoka.

Jibu langu ni hapana. Lakini nikikupa hapana tupu utaigeuzageuza mpaka iwe ndiyo, nakujua, umeanza kunishinda maneno tangu una meno ya utoto. Kwa hiyo inabidi nikueleze inatoka wapi.

Unakwenda kufundishwa kugawa maji na kusuluhisha watu wanaoyagombania. Uliponisomea ile karatasi ya chuo nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe kuna darasa la kazi ile, na mimi niliifanya miaka yote ile kwa kubahatisha. Wewe unakumbuka kidogo tu enzi zangu za uenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, kwa sababu miaka ile mibaya ulikuwa bwenini Inyonga. Walinichagua kwa ajili ya sauti. Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema huyu mama akipaza sauti hata maji yenyewe yatasimama kumsikiliza, watu wakapiga makofi, nikawa mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza kama najua kusikiliza. Hata mimi sikujiuliza.

Mfereji wetu unaujua. Unachepuka kutoka mto Katuma, unapita bustani za juu za vitunguu, unafika kwetu, unamwaga kilichobaki pale chini kivukoni ambako ng'ombe hunywa. Masika hakuna mwenye shida. Mpunga umejaa, vyura wanaimba, kila mtu ni ndugu. Shida ni kiangazi kikikaza, mto unapobaki kamba nyembamba katikati ya mchanga. Hapo ndipo zamu zinaanza: bustani za juu siku zao, sisi wa katikati siku zetu, na siku za mifugo mfereji unafungwa wote ili maji yashuke kivukoni. Kwenye mkutano wa kupanga zamu kila mtu anakubali. Vitunguu vikianza kukunja majani, hakuna anayekumbuka alichokubali.

Sasa nikuambie habari za Masanja, ambaye wewe unamjua kama mzee wa heshima anayekupungia fimbo akipita na ng'ombe. Hakuwa hivyo kwetu. Yeye ni Msukuma, na Msukuma na Mnyamwezi ni watani. Alikuja kutoka upande wa Shinyanga na mifugo yake kabla hujazaliwa, na siku ya kwanza aliposikia mimi ni Mnyamwezi alisimama mlangoni akasema mtumwa wake ametoroka siku nyingi, sasa amempata, nimletee maji ya kunywa haraka. Nilimletea maji yenye majivu. Akayanywa yote, akasema mtumwa anayejua kupika namna hii hauzwi. Tangu siku ile hakuwahi kuniita jina langu, na mimi sikuwahi kumwita lake.

Baba yako alipofariki, nyumba hii ilikaa kimya siku nzima. Nilikuwa nimekukumbatia, hujajua hata kutembea vizuri. Masanja akaingia amevaa koti la baba yako, kubwa kwake, akatembea uani kama baba yako alivyokuwa akitembea, ule mguu wa kulia ukichelewa kidogo, akaketi kwenye kiti chake, akaagiza chai na kulalamika kwamba sukari ni ndogo. Waombolezaji wakashika midomo. Mimi nikacheka, Nyamizi. Nilicheka mpaka kilio kilichokuwa kimekwama kikatoka. Baada ya hapo, asubuhi kwa asubuhi, akawa analeta maziwa ya ng'ombe wake mwekundu, anasema ni mabaki waliyokataa ndama. Wewe umekulia maziwa yale. Mifupa yako hiyo unayotembelea ni ya ng'ombe wa Masanja.

Nimekuambia haya ili ujue nilimfanyia nani hiki nitakachokueleza.

Mwaka wa kwanza wa uenyekiti wangu maji yalipungua kuliko tulivyopanga. Ilibidi mtu mmoja akose. Wa bustani za juu nilikuwa nawaogopa, kwa sababu wanajua kupiga kelele na kwenda kushitaki wilayani. Majirani zangu wa katikati nakutana nao kisimani na kanisani. Nikafikiri usiku na mchana, halafu nikaona njia. Nikaenda kwa Masanja, nikasimama mbele ya zizi lake nikamwambia, "Mtumwa wangu, maji hakuna wiki hii, ng'ombe wako wanywe machozi yako." Akacheka sana. Akanitukana matusi mazuri, akawaita wanawe, wakapeleka ng'ombe kwenye madimbwi ya chini, mbali kabisa, kule ambako tope ni refu. Sikuitisha mkutano. Sikuandika barua. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mwaka uliofuata maji yalipopungua, nilikwenda kwa nani? Na mwaka mwingine? Ikawa ndiyo desturi. Wageni wa ofisi ya maji ya bonde walipokuja kututembelea niliwaambia hapa kwetu hakuna ugomvi, watu wanaelewana. Walinisifu. Wakasema kamati nyingine zije kujifunza kwangu. Na kweli ugomvi haukuwepo. Amani yote ya mfereji ule ilikuwa imebebwa na mtu mmoja anayecheka, na mimi nikadhani nimeijenga kwa akili yangu.

Kile kiangazi kibaya, ulipokuwa kidato cha pili, nilikwenda tena na utani wangu. Nilimkuta amekonda. Akacheka, lakini kwa kuchelewa, na mimi niliuona ule uchelewaji nikaupita. Ng'ombe wakaenda kwenye madimbwi. Madimbwi yalikuwa yamebaki tope lenye ngozi ya maji juu. Ng'ombe wa mbele waliingia kunywa wakazama mpaka tumboni, na yule mwekundu alikuwa miongoni mwao, mzee sasa. Walifunga kamba, wakavuta kutwa nzima. Wengine walitoka. Yeye hakutoka.

Mimi habari niliipata kwa watu, siku mbili baadaye. Nikafanya ambacho mtani hufanya. Nikajifunga khanga, nikaenda kumfariji kwa matusi, kama alivyonifariji yeye siku ya msiba wangu. Nikafika uani kwake nikasema nimesikia Msukuma ameamua kuoga tope na ng'ombe wake. Nikasubiri anijibu.

Masanja akainuka kwenye kigoda. Akavua kofia. Akasema, "Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

Yule mzee ananizidi umri wa kutosha kunizaa. Nilisimama pale na khanga yangu, sijui niitikie au nilie. Mkewe akaniletea kiti, akakifuta vumbi, akanikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni wa serikali. Nikakaa. Nikanywa maji, safi, kwenye glasi. Hakuna matusi niliyowahi kutukanwa na mtu yeyote yaliyoniuma kama glasi ile.

Wanawe hawakuwa na subira ya baba yao. Wiki ile ile, mchana kweupe, waliteremsha ng'ombe katikati ya bustani za juu, wakakanyaga vitunguu mpaka kwenye mfereji, ng'ombe wakanywa. Watu wakatoka na mapanga. Kijana mmoja wa bustani alijeruhiwa mkono, na mpaka leo vidole vyake viwili havikunjiki. Mimi nilikimbia kule nikipaza ile sauti yangu iliyonipa uenyekiti, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kuniangalia. Ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Waliotuamulia walikuwa polisi, wenye mbwa na magari.

Mambo yalipotulia kidogo nilirudi kwa Masanja, safari hii bila utani. Nilitaka kuomba msamaha na nikakosa pa kuanzia, maana mtani haombwi msamaha. Ukimwomba umeshamgeuza mgeni. Nikakaa nachora chini kwa kijiti kama mtoto aliyevunja chungu. Yeye ndiye aliyenisaidia. Alizungumza polepole, bila hasira, na maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema:

"Kalunde, mtani hakasirikagi. Wewe ulilijua hilo. Kila mwaka maji yakikata unakujaga kwangu kwanza. Wale wa vitunguu huwaendeagi, kwa sababu wanapigaga kelele. Mimi nachekaga tu. Ungenikuta hata mara moja nimenuna, ungenionea huruma. Lakini mtani atanunaje?"

Ndiyo mara ya kwanza alitamka jina langu.

Nilitembea kurudi nyumbani njia nzima nikijitetea. Nilisema nilimchagua kwa sababu tunapendana. Nilisema mila ndivyo ilivyo, angeweza kukataa. Nilipofika kwenye daraja la magogo nilikuwa nimeishiwa. Nilimchagua kwa sababu alikuwa rahisi. Nilichukua kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, kile kilichomruhusu avae koti la marehemu mume wangu na kunichekesha, nikakifanya lango la kupitishia hasara ya wengine.

Kiangazi kilichofuata niliitisha mkutano mapema, nikasema maji hayatatosha na lazima kuna watakaokosa, na wa kwanza ni mwenyekiti. Vitunguu vyangu vilikauka ule mwaka, ulirudi likizo ukakuta majani ya kahawia ukaniuliza kama nimeugua. Wa juu walipunguziwa, wakapiga kelele wiki nzima, na nikagundua kwamba kelele haiui mtu. Ng'ombe walikunywa kivukoni. Baadaye nikaachia uenyekiti, si kwa kufukuzwa, nilichoka tu. Masanja hakuninunia hata siku moja. Ananijulia hali, anaulizia mguu wangu, kwenye mavuno analeta mtindi. Lakini mpaka leo ananisalimia vizuri mno.

Huko chuoni watakufundisha sheria za maji, vibali, ramani, namna ya kukaa mezani na watu waliokasirika. Jifunze yote. Na siku utakapokaa mezani kweli, hapa Katavi au popote watakapokupeleka, wenye hasira hawatakupa taabu ya kuwaona, watajionyesha wenyewe. Mimi nakuomba umtafute yule anayesema haina shida. Yule anayekubali upesi, anayekuchekea, anayesema tuendelee. Usiandike kwamba amekubali. Mfuate kwake siku nyingine, pengine akiwa na mkewe, umuulize tena, na ukae kimya muda mrefu kuliko unavyopenda. Mimi sikufanya hivyo, kwa hiyo sijui utajibiwa nini. Pengine utatukanwa. Utakuwa umepata bahati.

Sasa nimefika penyewe, na kalamu imekuwa nzito.

Jana ulipocheka ukasema utaenda mwakani, kabla sijafikiri chochote, nilifurahi. Nakuambia ukweli. Moyo wangu ulilala chini kama mbwa aliyeshiba. Nikaona kitalu cha mpunga kimeshamwagwa mbegu, maji yamechotwa, usiku kuna mtu chumba cha pili anayekohoa nikamsikia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema haya mwanangu, kama ndivyo unavyotaka. Halafu nikakiangalia kicheko chako. Kilichelewa kidogo.

Nikakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza. Mara ya kwanza ni nilipoteleza kwenye mfereji nikavunjika huu mguu. Nafasi yako ya chuo ilikuwa imetoka, ukasema haina shida. Mara ya pili ni Petro alipokwenda Inyonga kufuata tumbaku na mpunga umeiva, ukasema haina shida. Kaka yako namwita sauti ya nyumba hii. Akikosa chai, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo Petro chai hajawahi kukosa. Sare mpya alianza yeye, kitanda alianza yeye, kusoma alianza yeye na akaacha mwenyewe. Sikuwa nampenda zaidi, Mungu anajua. Nilikuwa nafuata kelele.

Na samaki. Jirani akituletea migebuka kutoka Karema, wewe ulikuwa unachukua mkia. Ulisema mkia ndio mtamu. Niliamini, nikawa nakuwekea mkia hata siku tulizokuwa na samaki wa kutosha. Mwezi uliopita kwa shangazi yako nilikuona unapakuliwa kipande cha katikati, kinene, ukala taratibu umefumba macho. Nilitoka nje nikasingizia moshi.

Nilikufanyia vile vile, mwanangu. Yale niliyojuta kwa Masanja nilikuwa nayaendeleza humu ndani, kwa mtoto wangu mwenyewe, kwa miaka yote, na hukuninunia hata mara moja. Tofauti yenu ni kwamba yeye alifika mahali akavua kofia. Wewe hujafika, na ninaogopa. Naogopa nikikubakiza safari hii, hutasema kitu, utabaki, utanipikia, utanikanda mguu, na siku moja utakuwa mpole kwangu kuliko inavyostahili mtoto kwa mama yake. Nitakuwa na binti ndani ya nyumba na nimempoteza.

Kwa hiyo kesho unaondoka. Petro nimempigia simu, atakuja kumwaga kitalu. Alilalamika sana, nikamwacha alalamike mpaka salio langu likaisha. Maji nitachotewa na watoto wa jirani, na siku wasipokuja nitaoga kidogo. Kitalu kikiharibika, kitakuwa kimeharibika. Hasara ya mwaka huu ni zamu yangu.

Lakini na wewe nina ombi. Kama kuna siku niliyokuonea, niambie. Si lazima iwe kesho stesheni mbele ya shangazi, atatuongezea maneno. Nipigie ukiwa huko, jioni yoyote, uniambie mama siku ile sikuipenda. Nitajitetea kwanza, ndivyo nilivyoumbwa, we niache nimalize halafu urudie. Nataka nikusikie umekasirika kabla sijafa. Nakupenda, Nyamizi. Nakupenda kuliko huyo mpiga kelele, ila usimwambie.

Pikipiki nimeisikia inapanda kilima, pengine ni wewe. Jioni nitakuambia tu kwamba Petro anakuja na kesho unaondoka; hii nitaikunja niiweke chini ya nguo zako, utaikuta treni ikishapita mbali, hapo ambapo kurudi ni taabu kuliko kwenda.

Najua utakaposhika mlango wa behewa utageuka kunitazama nimesimamaje, na kina mama wengi wangesimama wima wakasema wameshapona. Sitakudanganya. Mguu unauma, mwanangu, unauma mchana na usiku. Nenda.

Mama yako,
Kalunde